Salamu za Krismasi Kutoka Tabora: Waliojua Njia Wasiende

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe!

Nawasalimu nyote kwa jina la Mwokozi wetu aliyezaliwa. Salamu hizi zinatoka Tabora mjini, ziwafikie wazee wetu wa Urambo na Kaliua, ndugu wa Sikonge, Uyui, Nzega na Igunga, na watoto wetu waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, Kahama na kila wanakotafuta riziki. Mlioko nyumbani, mwangaluka. Mnaokuja na treni wiki hii, tunawangoja stesheni. Nawakumbuka kwa namna ya pekee wale ambao sikukuu inawakuta kazini: wauguzi wa zamu ya usiku, walinzi, madereva, mama lishe wa stendi. Nawakumbuka pia waliozika mwaka huu, ambao watapakua chakula cha Krismasi huku wakijua kuna mtu hayupo. Mungu wa faraja akae nanyi.

Mvua zimeshika. Ukitoka mjini utawaona akina mama na watoto kando ya barabara na ndoo za uyoga uliochumwa porini, na maembe yamekuwa mengi mpaka bei imeshuka. Watu wa huku Krismasi hutukuta katikati ya kilimo. Ziko nchi ambazo huikuta ghala limejaa na mashamba yamepumzika chini ya theluji. Sisi hutukuta na udongo mbichi kwenye jembe, mahindi yakiwa bado mafupi, akiba ya mavuno yaliyopita ikielekea ukingoni, na palizi ya kwanza ikidai watu. Tarehe 25 familia inakula pilau, na tarehe 26 alfajiri baba, mama na vijana wameinama kwenye matuta, kwa sababu magugu hayakusimama kuwasubiri wamalize sherehe. Mkulima hahitaji kufanya kosa lolote ili shamba lake liharibike. Akikaa tu nyumbani akifurahia kwamba alikwisha kupanda, inatosha. Naona hata moyo wa mwamini uko hivyo, na ndiyo sababu nashukuru kwamba sikukuu hii hutujia msimu huu na si wakati wa mavuno.

Nimekuwa nikisoma tena habari za kuzaliwa kwa Bwana, Mathayo na Luka kwa pamoja. Karibu kila aliyemfikia yule mtoto ilimbidi aondoke mahali fulani. Yusufu na Mariamu walitoka Nazareti mpaka Bethlehemu, safari ya zaidi ya kilomita 100, na Mariamu ni mjamzito. Wachungaji walikuwa kondeni, wakilinda kundi lao kwa zamu usiku, na waliposikia habari, Luka anasema "wakaenda kwa haraka". Mamajusi walitoka mashariki, nchi ambayo Mathayo hakuitaja hata jina. Hata baada ya zawadi kutolewa, Yusufu aliamshwa usiku, akamchukua mtoto na mama yake, wakashika njia ya Misri. Hakuna kati ya hao aliyepewa nafasi ya kukaa.

Lakini liko kundi moja ambalo mahubiri ya Krismasi hulipita haraka. Mamajusi walipofika Yerusalemu wakiuliza, Herode aliwakusanya wakuu wa makuhani na waandishi, yaani walimu wa torati, akataka kujua Kristo azaliwa wapi. Jibu lilikuwa tayari vinywani mwao: "Katika Bethlehemu ya Uyahudi." Wakataja na maneno ya nabii, yale tunayoyasoma katika Mika sura ya 5. Lilikuwa jibu sahihi kabisa, ambalo hata leo mwalimu wa Shule ya Jumapili angelipa alama zote. Na kutoka Yerusalemu mpaka Bethlehemu ni kilomita kama 9 tu. Mtu wa kwetu mwenye shamba nje ya mji hutembea mwendo huo asubuhi, jembe begani, na jioni akarudi. Mathayo haandiki kwamba hata mmoja wao alivaa viatu akafuatana na wageni wale.

Fikirini jambo hilo. Watu wa mataifa, wasio na torati, waliwauliza njia wenye torati. Wakaelekezwa vizuri, wakaenda peke yao, na waliowaelekeza wakabaki. Siamini kwamba waandishi hao walikuwa na nia mbaya. Herode ndiye aliyekusudia kuua. Wao walikuwa watu wa dini wenye majukumu yao hekaluni na heshima yao mjini, watu waliozoea kuulizwa na kujibu. Waliyoyasoma tangu utoto yalikuwa yanatimia umbali wa asubuhi moja, nao wakakunja gombo la Maandiko wakaendelea na shughuli za siku. Hili ndilo ambalo Krismasi hii limenikaa moyoni: mtu anaweza kulijua Neno kiasi cha kumwelekeza mwenzake mpaka mlangoni kwa Yesu, na yeye mwenyewe asisogee hatua moja.

Wapendwa, sisi tuliolelewa kanisani tuko karibu na waandishi kuliko tulivyo karibu na mamajusi. Tunajua zaburi inayosomwa msibani na ile ya harusini. Tunajua wimbo utaanzia sauti gani kabla kinanda hakijapigwa. Mtoto wa kwetu huanza mafundisho ya kipaimara, anakariri Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana, siku inafika anavaa nguo mpya, ndugu wanakuja, picha zinapigwa, kuku wanachinjwa. Baada ya hapo, wengi wao hatuwaoni tena darasani kwa Neno. Tumeifanya kipaimara kuwa mahafali. Tumewafundisha watoto wetu, bila kusema kwa mdomo, kwamba kumjua Kristo ni kozi yenye mwisho na cheti. Nao wamejifunza kwa kututazama sisi wazazi, maana na sisi tuliishia pale pale.

Kwenye mkesha wa mwaka mpya tunatoa shuhuda. Napenda sana usiku ule, na hakuna anayepaswa kuzuiwa kumshukuru Mungu kwa uhai. Ila tusikilizane kwa makini. Wapo kati yetu ambao ushuhuda wao wote ni wa siku waliyookoka, na siku hiyo ni ya zamani sana. Ni habari njema, na mbinguni walifurahi. Lakini kati ya siku ile na leo, Bwana amefanya nini ndani yako? Hasira ile iliyokuwa inakufanya upige sahani chini imekwenda wapi? Yule jirani mnayekaa naye benchi moja, mkapokezana kitabu cha nyimbo bila kusalimiana, mmezungumza? Deni la yule fundi aliyekujengea ukuta umelilipa, au kila Jumapili unapita nyumba yake kwa njia ya nyuma? Ukuaji wa Mkristo huonekana huko. Mke ndiye anayejua kama mumewe amekua, na mfanyakazi wa ndani anajua zaidi. Kanisani tunaweza kufichana miaka mingi.

Walioandika barua za Agano Jipya waliyaona haya mapema. Mwandishi wa Waebrania aliwaambia wasomaji wake kwamba kwa muda uliopita iliwapasa wawe waalimu, lakini bado walihitaji kufundishwa mafundisho ya kwanza, "mnahitaji maziwa wala si chakula kigumu." Hawakuwa wachanga kwa umri wala wageni katika imani. Miaka ilikuwa imepita juu yao kama inavyopita juu yetu, na wao wamebaki walipokuwa.

Kwa kuwa wengi mnaosoma salamu hizi ni Wamoravian wenzangu, niruhusuni nikumbushe habari za nyumbani kwetu. Kanisa letu linatokana na wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyechomwa moto mwaka 1415 kwa ajili ya imani. Umoja wa Ndugu, yaani kanisa letu lenyewe, ulianza 1457, ukateswa karne kwa karne. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walipokelewa katika ardhi ya Nikolaus Ludwig von Zinzendorf huko Ujerumani, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Walikuwa wameacha nyumba na mashamba kwa ajili ya Injili. Mtu angetegemea kwamba walipofika mahali pa usalama wangekaa kama malaika. Sivyo ilivyokuwa. Ndani ya miaka michache kijiji kilijaa ugomvi wa mafundisho na wa tabia, kila kundi likijiona ndilo sahihi, mpaka jumuiya ikakaribia kusambaratika.

Watu hao mateso hayakuwashinda. Walikaribia kushindwa walipopata amani, ardhi na paa, wakaanza kutazamana wao kwa wao badala ya kumtazama Aliyewatoa kwao. Na mwanzo wa kupona kwao haukuwa wa ajabu kama tunavyopenda kuusimulia. Kabla ya ile siku kuu ya tarehe 13 Agosti 1727, walipojazwa Roho wakiwa kwenye Chakula cha Bwana katika kijiji jirani cha Berthelsdorf, ilitangulia kazi ngumu ya kutembeleana nyumba kwa nyumba, kusemana kweli, na mwezi Mei mwaka huo kukubaliana kwa maandishi namna ya kuishi kama ndugu. Mwisho wa Agosti wakaanza zamu za maombi, saa kwa saa, mchana na usiku, na zamu hizo zikaendelea zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732 mfinyanzi Leonard Dober na seremala David Nitschmann wakaondoka kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi kuwahubiria watumwa. Mwaka 1898 wamisionari wa Kimoravian wakapokea kituo cha Urambo kutoka kwa London Missionary Society, shirika la misheni la Uingereza, na sisi hapa Unyamwezi ni matunda ya zamu zile za maombi.

Ndiyo maana muhuri wetu unasema: Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Sehemu ya kwanza tunaiimba kwa nguvu zote, na tunapaswa. Ya pili ina kazi ndani yake. Anayefuatwa anatembea, na anayemfuata hawezi kubaki alipo. Mtoto wa horini mwenyewe hakubaki horini. Luka anamaliza sura yake ya pili kwa kusema, "Naye Yesu akazidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu." Mwana wa Mungu alikubali kukua. Alijifunza kusema na kutembea, alijifunza kazi ya mikono, akaketi kati ya waalimu hekaluni akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Kama yeye hakuona haya kukua, sisi ni nani tuone tumekwisha kufika?

Hapa niseme jambo ili nisieleweke vibaya. Mwisho wa mwaka tunasikia matangazo mengi: mwaka wa kuvuka, mwaka wa kupaa, mwaka wa kumiliki. Vijana wetu wanaingia Januari wakidhani kukua kiroho ni kupata kiwanja na gari. Ninaomba Mungu awape kazi na nyumba, naomba tumbaku na mpunga vipate bei ya haki, na asali yetu pia. Lakini Paulo alimwandikia Timotheo kwamba "utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa." Kuridhika na ulichonacho mfukoni ni neema. Kuridhika na ulivyo mbele za Mungu ni hatari, na shetani anafurahi tunapovichanganya viwili hivi: tukakosa usingizi kwa ajili ya bati za nyumba, tukalala fofofo kuhusu chuki tuliyo nayo moyoni.

Kanisa la Laodikia, linaloandikiwa katika kitabu cha Ufunuo, liliangukia hapo hapo. Mji wao ulikuwa tajiri kweli. Tetemeko lilipoubomoa mwaka 60 baada ya Kristo, waliujenga upya kwa mali yao wenyewe bila msaada wa Roma. Kwa hiyo waliposema, "sina haja ya kitu," walikuwa wanasema kitu ambacho hata majirani wangekithibitisha. Na kanisa likachukua lugha ya mji. Ndipo tunamkuta Bwana akiwa nje ya kanisa lake mwenyewe, akisema, "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Maneno hayo tumezoea kuyatumia kwa wasioamini. Yaliandikwa kwa washirika.

Sasa niwape habari njema, maana zipo. Mtaani kwetu kuna mama aliyevuka miaka sabini. Maisha yake yote amekuwa mtu wa ibada, na mistari anayoikumbuka kichwani ni mingi kuliko ya wengi wetu tuliosoma, lakini kusoma hakujua. Mwaka huu alimwomba mjukuu wake wa darasa la tatu amfundishe. Jioni, kazi zikiisha, wanakaa kibarazani, Biblia ya maandishi makubwa juu ya magoti. Mtoto anashika taa ya simu, bibi anafuata mstari kwa kijiti alichokivunja kwenye ufagio, ili kidole kisifunike herufi. Nilipita juzi nikawakuta kwenye Waraka wa pili wa Petro, mstari wa mwisho kabisa. "Ku-e-ni ka-ti-ka ne-e-ma." Alipofika "neema" alirudi nyuma akaisoma tena yote, safari hii bila kukatakata, kisha akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Nikamwuliza kwa nini anajisumbua na neno analolijua kwa moyo. Akanijibu, "Baba, nilikuwa nalijua kwa masikio. Nataka na macho yalijue kabla hayajafumba."

Namfananisha na nabii Ana wa Luka sura ya 2, mjane wa miaka 84, asiyetoka hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana. Mwili ulikuwa umechoka lakini kungoja kwake hakukuchoka, na siku Yesu alipoletwa hekaluni alikuwepo. Wazee wangu, msikubali kuambiwa kwamba zamu yenu imekwisha. Paulo naye, akiwa mtu mzima mwenye makanisa mengi nyuma yake, aliandika kutoka kifungoni: "sijidhanii nafsi yangu kwamba nimekwisha kushika." Akaongeza kwamba anayasahau yaliyo nyuma, "nikiyachuchumilia yaliyo mbele." Nadhani hata mazuri aliyoyafanya yalikuwamo kati ya yale ya kusahau, kwa sababu mema ya jana ndiyo yanayomlaza mtu kuliko makosa ya jana.

Vijana, neno langu kwenu ni fupi. Video za mahubiri kwenye simu ni nzuri, nami huzitazama. Ila mahubiri ya mtu mwingine hayawezi kusali badala yako. Fungua Biblia mwenyewe, hata kama mwanzoni hutaelewa, kisha muulize mchungaji au mzee. Wachungaji wetu wanatamani maswali kuliko mnavyodhani.

Na wazazi, mtoto akikuona mara moja ukimwomba mama yake msamaha, atajifunza kitu ambacho semina nzima haimpi. Msiogope kwamba mtapoteza heshima.

Napendekeza tufanye jambo moja pamoja. Sikukuu ya Epifania, tunapokumbuka kuja kwa mamajusi, ni tarehe 6 Januari. Kuanzia tarehe 26 Desemba mpaka siku hiyo ni siku 12, na Injili ya Luka ina sura 24. Sura mbili kwa siku zinatutosha. Anayekwenda shamba asome kabla ya kutoka au usiku akirudi. Familia isome kwa sauti, kila mmoja aya zake, hata wadogo wanaosoma kwa kukwama, na asiyejua kusoma asimulie aliyosikia. Mlioko safarini someni ndani ya treni, maana njia ni ndefu na muda upo.

Katika siku hizo 12, kila mmoja achague jambo moja tu ambalo Bwana amekuwa akimgusa nalo muda mrefu. Moja linatosha. Mmoja atakwenda kwa ndugu yake waliyegombana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mwingine ataacha pombe anayokunywa kwa siri, na mwingine atajifunza kuomba kwa maneno yake mwenyewe badala ya yale anayoyarudia tangu utoto. Kisha umwambie mtu mmoja unayemwamini, umpe ruhusa ya kukuuliza mwezi wa pili na wa tatu umefikia wapi. Bila mtu wa kutuuliza, wengi wetu maazimio yetu hayafiki hata wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia.

Ukikwama katikati, usijifiche. Herrnhut walikwama vibaya kuliko sisi, na Mungu hakuwatupa. Njoo tuombe pamoja.

Mama zetu mtakaokesha jikoni, tuachieni na sisi wanaume kuosha vyombo mwaka huu ili nanyi muwahi ibada. Wenye nafasi, mpelekeeni chakula mgonjwa au mjane wa jirani kabla hamjakaa mezani, awe wa kanisa letu au la, awe Mkristo au Mwislamu, kama ambavyo majirani zetu Waislamu wamekuwa wakitukumbuka siku ya Idi tangu utoto wetu.

Jioni ya tarehe 6 tutakutana kanisani baada ya kazi, kila mtu na Biblia yake, tusimuliane tulichokiona katika Luka. Walio mbali watutumie kwa simu, hata maneno mawili, nasi tutayasoma mbele ya wote.

Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya kwenu nyote.